Uvimbe kwenye ovari mimba ikiwa changa: upi wa kuachwa, upi wa kukimbizwa hospitali

Mjamzito anakwenda kupiga altrasaundi ya kwanza. Anachotaka kusikia ni mambo mawili: mtoto yupo, moyo unapiga. Anayasikia yote mawili. Akiwa njiani kurudi nyumbani anaifungua karatasi ya majibu na kukuta mstari wa tatu ambao hakuna aliyemweleza: uvimbe maji wa sentimita 4, ovari ya kulia. Usiku huo halali. Anauliza kwenye kundi la WhatsApp la wajawazito. Mmoja anamwambia akautoe upesi kabla haujammaliza mtoto, mwingine anasema dada yake alikuwa nao ukapotea wenyewe, wa tatu anauza dawa ya kuuyeyusha.

Yupo na mjamzito mwingine, ambaye karatasi yake haikuwa na neno lolote la kutisha. Wiki ya tisa anaamshwa usiku na maumivu makali upande mmoja wa tumbo la chini. Anatapika. Maumivu yanapoa, anapata usingizi, yanarudi. Kila anayemweleza anamjibu kwamba mimba changa ndivyo zilivyo, hutapisha na kuuma. Anavumilia siku mbili.

Wa kwanza ametishwa na kitu ambacho mara nyingi ni alama ya mwili kufanya kazi yake. Wa pili ametulizwa mahali pa hatari. Makosa yote mawili yana mzizi mmoja: wengi wetu hudhani kwamba ovari ikishatoa yai kazi yake imekwisha, na kuanzia hapo kila kitu kinaendelea ndani ya mfuko wa uzazi. Sivyo.

Tukubaliane maneno kwanza

Katika mazungumzo ya kawaida watu husema "mayai" wakiwa na maana mbili: kile kijiyai kinachokutana na mbegu ya mwanamume, na kiungo kinachokitunza. Hapa kiungo hicho nitakiita ovari. Ziko mbili, moja kila upande wa mfuko wa uzazi, kila moja ikiwa na urefu wa sentimita 3 hivi. Ovari haikubanwa mahali, inaning'inia. Upande wa ndani imefungwa na kano inayoiunganisha na mfuko wa uzazi, na upande wa nje imeshikwa na mkunjo wa utando unaotoka kwenye ukuta wa nyonga, ambao ndani yake hupita mishipa ya damu. Ni kama bembea iliyofungwa kamba huku na huku. Ishike picha hiyo, tutaihitaji.

Uvimbe maji ni kifuko chenye majimaji ndani. Basi. Neno "uvimbe" ndilo linaloleta balaa, maana masikioni mwa wengi uvimbe ni saratani au ni njia ya kuifikia. Lakini ovari huotesha vifuko vya majimaji kila mwezi, tangu msichana anapovunja ungo hadi anapokoma hedhi. Ndiyo kazi yake.

Na mimba changa, kwa maana ya makala haya, ni miezi mitatu ya kwanza, wiki zikihesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho.

Ganda lisilotupwa

Kila mwezi kifuko kimoja hukomaa, hupasuka, na kijiyai hutoka kuelekea kwenye mrija. Hadi hapo tulifundishwa shuleni. Kinachosahaulika ni ganda linaloachwa nyuma. Kuta zake hujikunja, seli zake hujaa mafuta ya rangi ya manjano, mishipa mipya ya damu huingia, na ndani ya siku chache ganda limegeuka kiwanda cha homoni. Tukiite mwili wa njano, kwa kuwa ndiyo maana ya jina lake la Kilatini.

Mholanzi Reinier de Graaf aliueleza mwili huo mwaka 1672, lakini kazi ya mwili huo haikujulikana kwa zaidi ya karne mbili. Mwaka 1903 Mjerumani Ludwig Fraenkel alionyesha kwamba sungura mwenye mimba changa akiharibiwa miili hiyo, mimba hupotea. Mwaka 1929 Wamarekani George Corner na Willard Allen walitengeneza mchujo wa miili ya njano ulioweza kuhifadhi mimba ya sungura aliyeondolewa ovari. Kiini cha mchujo huo ndicho tunachokiita leo projesteroni, homoni inayoufanya utando wa mfuko wa uzazi ukae imara na kuzuia mfuko usijikaze ovyo.

Mimba inapotunga, kondo la nyuma bado ni changa mno kutengeneza projesteroni ya kutosha. Inachofanya mimba ni kutoa homoni ya hCG, ileile inayotafutwa na kipimo cha mkojo, na hCG huuambia mwili wa njano: usizime. Ni kama nyumba mpya ambayo umeme bado haujaunganishwa, inaendeshwa na jenereta. Kati ya wiki ya 7 na ya 10 kondo linachukua kazi, na jenereta inaweza kupumzika. Utafiti ulioongozwa na Arpad Csapo katika miaka ya 1970 ulithibitisha jambo hili kwa wanawake: mwili wa njano ukiondolewa kabla ya wiki ya 7 mimba huharibika, ukiondolewa baadaye mimba kwa kawaida huendelea.

Sasa rudi kwa mama wa sentimita 4. Mwili wa njano mara nyingi hujaa majimaji au damu kidogo, ukavuka sentimita 3, na kwenye altrasaundi huonekana kama uvimbe maji. Kwa hiyo uwezekano mkubwa ni kwamba kile alichoandikiwa ndicho kinachoishikilia mimba yake. Vifuko vya namna hii vingi hunywea vyenyewe kufikia wiki ya 16 hivi.

Hapa ndipo biashara ya dawa za kuyeyusha uvimbe inapopata mashahidi wake. Anayemuuzia mjamzito dawa wiki ya 8 ataonekana bingwa wiki ya 16, hata kama alichouza ni maji ya kisima. Na kama dawa yake kweli ingekuwa na nguvu ya kuyeyusha mwili wa njano wiki ya 6, ingeyeyusha na mimba.

Si kila uvimbe ni mwili wa njano, bila shaka. Daktari hutazama mara ya pili akiona sehemu ngumu ndani ya kifuko, kuta nene za kugawanya, ukubwa unaoongezeka badala ya kupungua, au maji yaliyotapakaa tumboni. Upo uvimbe unaoweza kukutwa na nywele, mafuta, hata meno ndani yake. Watu husema ni pacha aliyemezwa. Si pacha, unatokana na seli za uzazi za ovari ya mama mwenyewe, zilizoanza kukua bila kurutubishwa, na mara nyingi ulikuwepo kabla ya mimba. Saratani ya ovari wakati wa ujauzito ipo, ila ni adimu sana. Tahadhari moja: kipimo cha damu cha CA-125, kinachohusishwa na saratani ya ovari na ambacho wengi hukitafuta kwa hofu, hupanda chenyewe katika miezi ya mwanzo ya mimba. Ukikipima wakati huo bila sababu, unajinunulia hofu.

Bembea inapojisokota

Hatari ya kwanza haitokani na kilichomo ndani ya uvimbe bali na uzito wake. Ovari iliyoongezeka ukubwa, hasa kuanzia sentimita 5, inaweza kuzunguka kwenye kamba zake na kujisokota, pengine pamoja na mrija. Katika ujauzito jambo hili ni nadra, halifiki mimba 1 katika 1,000, lakini linapotokea hupenda zaidi miezi ya mwanzo, kwa sababu ndipo mwili wa njano ulipo mkubwa, na ndipo mfuko wa uzazi unapoanza kupanda kutoka kwenye nyonga ukiisogeza ovari. Upande wa kulia hupatwa zaidi. Wa kushoto utumbo mpana umejaza nafasi na kuizuia ovari kucheza.

Kinachofuata kina mantiki yake. Mishipa inayoondoa damu ina kuta laini, kwa hiyo hubanwa kwanza. Inayoleta damu ina kuta imara na msukumo mkubwa, inaendelea kuleta. Chukulia chumba ambacho mlango wa kutokea umefungwa na wa kuingilia uko wazi: watu wanazidi kuingia. Ovari inavimba, inageuka ya buluu, kisha nyeusi, na mwisho hata mlango wa kuingilia unafungwa. Hapo ndipo inapoanza kufa.

Maumivu yake huanza ghafla, upande mmoja, mara nyingi yakifuatana na kichefuchefu na kutapika. Na yanaweza kuja na kuondoka, kwa sababu ovari inaweza kujisokota, ikajifungua nusu, ikajisokota tena. Hapa ndipo penye mtego. Kutapika kwa mimba changa kunajulikana na kila mtu, na maumivu yaliyopoa hupewa jina la maumivu yaliyopona. Nionavyo mimi, neno "kawaida" limechelewesha wajawazito wengi kuliko umbali wa hospitali. Tofauti ya kuangalia ni hii: kichefuchefu cha mimba hujenga taratibu kwa siku na wiki, na hakina upande. Kutapika kulikoanza saa ileile yalipoanza maumivu makali ya upande mmoja ni habari nyingine kabisa.

Altrasaundi husaidia, lakini si hakimu wa mwisho. Kuna aina yake, iitwayo Dopla, inayoonyesha damu ikipita. Ikionyesha damu haipiti kwenye ovari, shaka inakuwa kubwa. Ikionyesha inapita, shaka haijaondoka. Ovari hulishwa na mishipa kutoka pande mbili, na msokoto unaweza kuwa wa nusu. Kwa hiyo majibu ya "mzunguko wa damu ni mzuri" kwa mtu anayejikunja kwa maumivu hayatoshi kumrudisha nyumbani. Uhakika kamili hupatikana kwa kuingia na kuangalia.

Kuingia siku hizi mara nyingi ni kwa upasuaji wa matundu madogo: kamera nyembamba kitovuni au karibu yake, vifaa viwili vitatu pembeni. Ovari inasokotolewa, inarudishwa mahali pake. Zamani, daktari akikuta ovari nyeusi aliitoa, kwa imani kwamba imekufa, na kwa hofu kwamba akiifungua atatuma mabonge ya damu kwenye mapafu. Uzoefu wa miaka mingi haukuthibitisha hofu hiyo, na umeonyesha kwamba ovari nyingi zilizoonekana nyeusi hurudi kufanya kazi baada ya kufunguliwa. Rangi si cheti cha kifo. Ndiyo maana mwelekeo wa sasa ni kuifungua na kuiacha, kisha kuifuatilia kwa altrasaundi. Hakuna saa maalumu ambayo baada yake hakuna matumaini, lakini kila saa inayopita inapunguza kinachoweza kuokolewa.

Damu isiyoonekana

Mwili wa njano umejaa mishipa mipya ya damu, na mishipa mipya ni dhaifu. Mara chache hupasuka na damu ikamwagikia tumboni. Inaweza kutokea bila sababu, baada ya tendo la ndoa, baada ya kazi nzito, au kwa mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Wengi hupima hatari kwa kuangalia nguo ya ndani. Hakuna damu, basi hakuna shida. Lakini damu hii haina njia ya kutokea nje. Inakusanyika ndani ya tumbo. Anayeipoteza husikia kizunguzungu anaposimama, jasho la baridi, moyo kwenda mbio, tumbo kujaa na kuuma likiguswa. Dalili moja huwashangaza watu: bega kuuma. Damu ikifika juu na kugusa kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, neva ya kiwambo hicho, ambayo chanzo chake kiko shingoni pamoja na neva za bega, hupeleka taarifa ambayo ubongo huisoma kama maumivu ya bega. Mjamzito mwenye tumbo linalouma na bega linalouma bila kuanguka wala kubeba kitu asikandwe bega. Apelekwe hospitali.

Mara nyingi damu husimama yenyewe. Mgonjwa akiwa imara, analazwa, anapimwa shinikizo na wingi wa damu kila baada ya muda, na tumbo linaisafisha damu hiyo polepole bila kisu. Hali yake ikianza kuteremka, anafanyiwa upasuaji kuziba panapovuja.

Mimba iliyokaa ndani ya ovari yenyewe

Tatizo ni kwamba picha hiyohiyo, maumivu na damu tumboni, ndiyo picha ya mimba iliyotunga nje ya kizazi. Kwa hiyo daktari mzoefu, akikutana na mimba changa yenye maumivu ambayo bado haijaonekana ndani ya mfuko wa uzazi, huichukulia kuwa iko nje hadi ithibitike vinginevyo. Zaidi ya 90 katika kila 100 za mimba hizo hukaa kwenye mirija. Chache, kati ya 1 na 3 katika 100, hukaa kwenye ovari.

Kuitambua ni kazi. Mimba ndani ya ovari huonekana kama pete, na mwili wa njano nao huonekana kama pete, yote mawili yakizungukwa na damu inayopita kwa wingi. Tangu mwaka 1878, Mjerumani Otto Spiegelberg alipoweka masharti ya kuithibitisha, msingi umebaki uleule: mrija uwe mzima, mfuko wa mimba uwe mahali pa ovari na umeunganishwa na kizazi kwa kano yake, na tishu za ovari zikutwe kwenye ukuta wa mfuko huo. Sharti la mwisho huhitaji darubini, maana yake wengi huthibitishiwa baada ya upasuaji.

Kabla ya hapo, silaha ya daktari ni kurudia. Hupima hCG kwenye damu, akasubiri saa 48, akapima tena, huku akirudia altrasaundi. Wagonjwa huchukia kuambiwa "rudi kesho kutwa", na huona ni daktari asiyejua kazi. Katika jambo hili subira yenye tarehe ni sehemu ya kipimo. Subira isiyo na tarehe, hiyo ndiyo ya kuilalamikia. Na ndani ya saa hizo 48, maumivu yakizidi, miadi imevunjika. Mtu arudi mara moja.

Kitanzi nacho hulaumiwa hapa. Ukweli ni kwamba kitanzi huzuia mimba vizuri sana, kwa hiyo mtumiaji wake ana uwezekano mdogo wa kupata mimba ya aina yoyote, ya ndani au ya nje, kuliko asiyetumia njia yoyote. Ila katika zile chache zinazopenya, sehemu inayokaa nje, ikiwemo ya kwenye ovari, huwa kubwa. Mwenye kitanzi akipata kipimo cha mimba chenye majibu ya ndiyo, aangaliwe mapema.

Je, mimba hiyo haiwezi kuhamishiwa kwenye mfuko wa uzazi? Swali hili huulizwa kwa uchungu na linastahili jibu la wazi: hapana, hakuna njia. Matibabu ni kuiondoa kwa upasuaji huku sehemu kubwa ya ovari ikibakizwa, na kwa wachache walio imara, dawa ya methotreksati, inayosimamisha ukuaji wa mimba. Mwenye kundi la damu lenye alama ya kutoa, yaani Rh hasi, aulize kuhusu sindano ya anti-D, inayokinga mimba zijazo, kabla ya kuruhusiwa kutoka.

Wapo wanaodhani kwamba aliyepandikizwa mimba hospitalini amesalimika na haya, kwa kuwa kiinitete kiliwekwa kwa mkono ndani ya kizazi. Ripoti ya kwanza ya mimba ya namna hiyo iliyoandikwa na Waingereza Patrick Steptoe na Robert Edwards, mwaka 1976, ilikuwa ya mimba iliyokwenda kukaa kwenye mrija. Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani aliyezaliwa kwa njia hiyo, alizaliwa miaka 2 baadaye. Isitoshe, upandikizaji huongeza uwezekano wa mimba mbili kwa wakati mmoja, moja ndani na nyingine nje, jambo ambalo kwa mimba za kawaida hukadiriwa kuwa 1 katika 30,000. Kwa hao, kumwona mtoto ndani ya kizazi hakumalizi uchunguzi ikiwa maumivu yapo.

Ovari zilizosisimuliwa kupita kiasi

Matibabu ya ugumba mara nyingi huhusisha sindano za kukomaza mayai mengi kwa pamoja. Wakati mwingine ovari huitikia kupita kiasi: zote mbili hufura, hutoa kemikali zinazofanya mishipa ya damu ivuje, na maji ya damu huhamia tumboni, mara nyingine hadi kwenye kifua. Mimba ikitunga, hCG inayopanda kila siku huzidi kuzichochea, kwa hiyo hali inayoweza kupoa ndani ya siku 10 hivi huendelea wiki kadhaa.

Tumbo hujaa, nguo hubana, uzito hupanda kwa siku na si kwa wiki, mkojo hupungua, pumzi huwa fupi. Kosa linalofanywa na watu wenye nia njema ni kumpa dawa za kukojoza ili maji yatoke. Maji yale hayamo kwenye damu. Yameshatoka kwenye damu. Damu iliyobaki ni nzito, na ukiikamua zaidi unakaribisha mabonge na kuumiza figo. Hospitali hufanya kinyume: humpa maji kwa kipimo, hutoa maji ya tumboni kwa sindano inapobidi, humpa dawa ya kuzuia damu isigande, na hupima uzito wake kila siku. Dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni huepukwa; parasetamoli hutumika. Ovari zikiwa kubwa kiasi hicho zinaweza pia kujisokota, ndiyo maana huambiwa aache mazoezi mazito na tendo la ndoa kwa muda.

Kwa nadra sana hali hii humpata asiyewahi kuchomwa sindano yoyote. Homoni ya hCG, ile ya kuchochea ovari, na ile ya kuchochea tezi ya shingo zimejengwa kwa kipande kimoja kinachofanana, kama funguo zilizochongwa na fundi mmoja. Kwa kawaida kila kufuli hutambua ufunguo wake. Lakini hCG ikiwa nyingi mno, kama kwenye mimba ya zabibu (ambapo kondo hukua vibaya kama vishada vya vifuko) au ya mapacha, au tezi ya shingo ikiwa dhaifu mno, au kufuli lenyewe likiwa limezaliwa na hitilafu, ufunguo usiohusika hufungua. Familia zenye hitilafu hiyo ya kurithi zilielezwa na watafiti mwaka 2003.

Kisu na mimba

Hofu kubwa kuliko zote ni kwamba mjamzito akipasuliwa, mimba itatoka. Kwa uvimbe usiouma, hofu hiyo imeshazingatiwa: madaktari husubiri, na ukibaki mkubwa hupanga upasuaji baada ya wiki ya 14 hadi 16, kondo likiwa limeshashika kazi na vile vya kunywea vikiwa vimenywea. Kwa ovari iliyojisokota au inayovuja damu, kusubiri ndiko kunakohatarisha mama na mimba. Hupasuliwa wiki yoyote ile. Ikilazimu kuondoa mwili wa njano kabla ya wiki ya 10, mama hupewa projesteroni hadi kondo lijitegemee. Ni swali moja ambalo mgonjwa au mumewe anaweza kuliuliza bila aibu: "Mwili wa njano umeondolewa? Tunahitaji projesteroni?"

Altrasaundi ni mawimbi ya sauti. Haina mionzi ya eksirei na haiunguzi mtoto, hata ikirudiwa.

Na yule mama wa wiki ya tisa akifika mapokezi, asiseme tu "tumbo linauma", kwani tumbo huuma kwa kidole tumbo, kwa mawe ya figo, kwa maambukizi ya njia ya mkojo, na nusu ya waliokaa kwenye benchi wana tumbo linalouma. Aseme ana mimba ya wiki ngapi, maumivu yalianza saa ngapi, upande gani, kama yalianza ghafla na kama kutapika kulianza nayo. Aseme kama aliwahi kuambiwa ana uvimbe na ukubwa wake, kama alitumia dawa za kutafuta mimba au anatumia za kuzuia damu kuganda, na lini alikula mara ya mwisho, maana mtoa nusu kaputi atauliza. Karatasi ya altrasaundi ije naye, hata kama ni ile iliyomnyima usingizi.

Baada ya yote, swali linalobaki huulizwa kwa sauti ya chini: ovari moja ikiondolewa, nitazaa tena? Iliyobaki huchukua kazi ya zote mbili na hedhi huendelea. Hata mrija haudai yai la upande wake tu. Wapo wanawake waliobaki na ovari ya kushoto na mrija wa kulia peke yake, na yai likavuka kutoka upande mmoja hadi wa pili wakashika mimba.